Hesabu Mabawa Kwanza

Shikamooni wazee wangu. Vijana, asanteni kwa kufika. Leo tunajifunza kuwatambua wadudu wenye mabawa.

Nianze na ukuta wa nyumbani kwangu Nyegezi, hapa Mwanza. Kwa miaka mingi, kila nilipoona bonge la udongo limeganda chini ya dari nililing'oa kwa fagio. Siku moja likapasuka, wakamwagika buibui wadogo wapatao kumi na wawili. Nilidhani wamekufa, lakini nilipomgusa mmoja kwa kijiti akakunja mguu taratibu. Walikuwa hai, ila hawajiwezi. Nikawaambia wanangu kwamba hiki ni kiota cha buibui. Nilikosea, kwa sababu sikumsubiri mwenye nyumba arudi.

Mwenye nyumba ni nyigu mweusi, miguu ya njano, kiuno chembamba kama sindano. Wataalamu humwita Sceliphron spirifex. Jike hujenga peke yake. Utamkuta pale maji ya bomba yanapotuama, ameinamisha kichwa, mabawa yanatetemeka, anaviringisha tope kwa taya mpaka liwe kidonge. Msogelee, hana habari na wewe. Akifika ukutani anakipachika, na ukitega sikio unamsikia akivuma huku akikitandaza. Kila chumba anakijaza buibui aliowachoma sumu ya kupooza, anataga yai moja, anaziba. Buu likianguliwa linakuta chakula kibichi. Angewaua kabisa, wangeoza.

Huyu halindi kiota chake kwa kuchoma watu, tofauti na nyigu wa makundi wanaoning'iniza viota kama vya karatasi kwenye mapaa. Hao kaa nao mbali.

Tatizo letu ni kukimbilia jina. Mwenye mistari ya njano ni nyigu, anayetua kwenye chakula ni nzi, basi. Mimi nasema hesabu mabawa kwanza. Nzi ana mawili tu. Nyuma yake pana vijiti viwili vyenye kirungu, vinavyomsaidia asiyumbe angani. Nyigu ana manne, ila la mbele na la nyuma hushikana kwa vijindoano, kwa hiyo macho yanaweza kukudanganya. Hapo mtazame usoni. Nzi wengi wana macho makubwa yanayojaza kichwa, na vipapasio vifupi, vile vya kugusia vilivyo kichwani. Vya nyigu ni virefu. Yule mwenye mistari anayesimama angani mbele ya ua kama ametundikwa kwa uzi, mara nyingi ni nzi. Kavaa sare ya nyigu ili ndege wamwogope. Mwiba hana.

Mnaokwenda kisiwa cha Rubondo, mtazameni pia mdudu akiwa ametua: mbung'o hulaza bawa moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa.

Na wale wadudu wanaopanda kama moshi kutoka Ziwa Viktoria? Watu wa Kirumba na Igombe mnawajua. Hasa mwezi unapoandama, nguzo nyeusi husimama juu ya maji, upepo ukigeukia huku mnafunga madirisha na kuzima taa. Wengi huwaita mbu. Ni ndugu wa mbu kweli, lakini hawana mrija wa kufyonza damu. Asubuhi okota mmoja chini ya taa: dume ana vipapasio vyenye nywele nyingi kama unyoya. Utotoni aliishi ziwani, na wenzake wengi waliishia tumboni mwa samaki.

Vifaa? Simu inatosha. Piga picha tatu: juu, ubavuni, usoni. Weka njiti ya kibiriti pembeni ili ukubwa wake ujulikane. Andika tarehe, mahali, na alikuwa juu ya nini. Hili la mwisho husahaulika, nalo husaidia sana. Toka alfajiri, baridi ikiwa bado imewalegeza. Ukikwama kwenye "nzi, sijui wa aina gani", andika hivyo hivyo. Jina la kubahatisha litampotosha atakayesoma baada yako.

Sasa tutoke nje. Nyuma ya ukumbi huu, juu ya dirisha la pili, kuna viota vitatu vya udongo. Kimoja bado kiko wazi, na mwenyewe alikuwepo nilipoingia. Tusogee polepole, watoto watangulie mbele.