Miguu Miwili ya Akii-Bua

(Mhadhara kwa wanariadha wa shule na walimu wao, Tanga)

Assalaam alaykum, na shikamooni wazee wangu. Wanangu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, sogeeni mbele, viti vipo.

Hapa Tanga ukitaja michezo watu wanasikia Coastal Union na African Sports, basi. Leo mpira tuuweke kando. Nimekuja na John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda. Septemba 2, 1972, kwenye Olimpiki kule Munich, alishinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Ilikuwa rekodi ya dunia, na kabla yake hakuna aliyewahi kushuka chini ya 48. David Hemery wa Uingereza, mwenye rekodi ya zamani, aliambulia shaba.

Wasimuliaji wanapenda kusema alipangwa njia ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali, kwa hiyo ulikuwa muujiza. Mimi muujiza siutaki. Tuangalie miguu.

Kiunzi cha kwanza kiko mita 45 kutoka mstari wa kuanzia, kisha kila baada ya mita 35 kingine, mpaka vitimie 10. Kimo chake sentimita 91.4. Hatua zako katikati zikiwa witiri, unaruka kwa mguu uleule. Zikiwa shufwa, mguu unabadilika. Sasa mwili ukichoka hatua hufupika. Mwenye kuzoea mguu mmoja analazimika kuongeza hatua mbili kwa mpigo, na kasi inakatika hapohapo. Akii-Bua aliweza kutanguliza mguu wowote, kwa hiyo aliongeza moja tu akaendelea zake. Ninyi mnaocheka huko nyuma, jaribuni jioni mguu wenu wa pili, mtaniambia.

Hayo hayakushuka mbinguni. Kocha wake Malcolm Arnold, Mwingereza, alimvalisha kizibao chenye uzito na kumrusha viunzi virefu kuliko vya mashindano. Ndiyo maana siku ile alipovuka mstari hakusimama. Aliendelea kuzunguka uwanja akirukaruka kwa furaha.

Montreal 1976 hakukimbia. Nchi nyingi za Afrika, sisi tukiwamo, tulisusia kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Kwetu Filbert Bayi naye akabaki nyumbani, na rekodi yake ya dunia ya mita 1500 mkononi. Mimi naona kususia kulikuwa haki, lakini tusijidai kwamba gharama ililipwa na wanasiasa. Edwin Moses wa Marekani alishinda kwa 47.63, na rekodi ya Akii-Bua ikaondoka bila mwenyewe kuwepo uwanjani.

Mwaka 1979 majeshi yetu yalipoingia Kampala kumng'oa Idi Amin (wazee humu mnakumbuka, pengine wengine mlikuwemo), Akii-Bua alikuwa amekimbilia Kenya kama mkimbizi. Kampuni ya Puma ikamsaidia kufika Ujerumani. Alishiriki Moscow 1980, akaishia nusu fainali. Miaka yake bora ilikuwa imeshapita.

Baadaye alirudi Uganda, akafariki mwaka 1997 akiwa na miaka 47. Dhahabu ya Olimpiki iliyofuata Uganda iliipata London 2012, kwa Stephen Kiprotich, tena kwenye marathoni. Kwenye mita 400 kuruka viunzi bado.

Haya, maswali. Anza wewe binti mwenye raba nyekundu.