Ranchi ya Waggoner: ndugu kortini, makaboi kazini

Assalaam alaykum jamaa zangu. Hamjambo nyote mnaonitazama Mombasa, Kilifi, Lamu, Tanga na kwengineko. Leo niko kaskazini mwa Texas, kando ya barabara namba 283, kusini kidogo ya mji wa Vernon. Seng'enge hii mnayoiona nyuma yangu ni ya ranchi ya Waggoner. Mashabiki wa Arsenal tegeni sikio, maana mwenye ranchi hii sasa ni Stan Kroenke, yuleyule mwenye timu yenu. Lakini sikuja kuzungumza mpira. Nimekuja kuzungumza mirathi.

Kwanza ukubwa wake. Ni zaidi ya ekari 500,000, ardhi moja iliyoungana, imepita kwenye kaunti 6. Kisiwa chote cha Unguja kingeingia humu na nafasi ikabaki. Mzee Dan Waggoner alianza na ng'ombe katikati ya karne ya 19, kisha mwanawe, W. T., akaikuza. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 W. T. alichimba kisima apate maji ya mifugo, yakatoka mafuta. Inasimuliwa kwamba alikasirika kwelikweli, kwa sababu yeye alitaka ng'ombe wanywe. Mafuta hayo ndiyo yaliyoifanya familia kuwa tajiri kupindukia.

Mwaka 1923 W. T. aliiweka mali yote kwenye amana ya familia. Warithi walipata hisa, ardhi ikabaki nzima. Nia yake naielewa vizuri, na nyinyi mnaielewa: hata kwetu Pwani kuna wazee walioweka mashamba kuwa wakfu wa ukoo ili yasiuzwe. W. T. alifariki 1934. Vizazi vikaja, vikapita, hisa zikaishia kwa pande mbili za ukoo, nusu kwa nusu. Hapo ndipo pagumu. Mkiwa nusu kwa nusu hakuna wa kuamua, na mkigombana hakuna mlango wa kutokea ila korti.

Basi mwaka 1991 Electra Waggoner Biggs, mjukuu wa W. T. na mchongaji sanamu aliyejulikana Marekani nzima, alienda kortini akiomba mali iuzwe, kila upande uchukue chake. Upande wa pili, wa kitukuu Bucky Wharton, ukakataa. Kesi ikaanza safari yake: hukumu, rufaa, mazungumzo, tena rufaa. Electra alifariki 2001 kesi ikiwa bado hai. Mwaka 2014 ndipo jaji alipoamuru ranchi iuzwe, ikatangazwa kwa dola milioni 725. Mapema 2016 Kroenke akainunua nzima. Zaidi ya miaka 20, jamani! Mtoto aliyezaliwa kesi ikifunguliwa alikuwa mtu mzima ilipofungwa.

Sasa niwaambie kilichonileta hapa. Kesi hii imeandikwa sana kwa habari ya matajiri. Mimi moyo wangu uko kwa makaboi, yaani wale wachungaji wa ng'ombe wanaopanda farasi.

Miaka yote hiyo, wenye hisa wakiwa na mawakili wao, ng'ombe hawakungoja hukumu. Kulipokucha kuna mtu alitandika farasi. Seng'enge ilikatika, kuna mtu aliishona. Masika ndama walikusanywa, wakachanjwa, wakahasiwa, wakatiwa chapa ya Waggoner, yaani herufi D tatu zilizogeuzwa nyuma mbele. Mwaka 2011 Texas ilipigwa na ukame mbaya sana, na kwenye ranchi za huku mtu wa kwanza kuona bwawa limekauka ni kaboi, si mwenye hisa.

Na mjue kaboi wa ranchi kubwa za namna hii halipwi fedha tupu. Mara nyingi nyumba anayokaa na mkewe na wanawe ni ya ranchi, na ni sehemu ya ujira wake. Pengine hata nyama ya kula. Watoto wanasoma shule ya hapo karibu. Kwa hiyo korti ikisema "uzeni", mrithi anangoja hundi. Kaboi yeye anawaza mnunuzi atakuwa nani, ataikata vipande au ataiacha nzima, atawabakiza watu au ataleta wake. Hakuwa mlalamikaji wala mshtakiwa. Hakuwa na hisa hata moja. Lakini maisha yake yote yalikuwa ndani ya lile faili.

Tazameni jiwe hili. Hapa amezikwa Poco Bueno, farasi mashuhuri wa ranchi hii, aliyekufa 1969. E. Paul Waggoner, baba yake Electra, aliandika kwenye wosia kwamba farasi huyu azikwe akiwa amesimama. Na kweli akazikwa amesimama. Nimesimama hapa nikahuzunika, wallahi. Kumbe wosia unaweza kumkumbuka hata farasi, ukaeleza na namna ya kumlaza kaburini. Basi ni uzito gani kuandika mistari miwili ya mtu aliyekuchungia mali yako maisha yake yote, kwamba nyumba ile aikae, au asitolewe kabla ya muda fulani?

Halafu kuna watu wa ziwa. Ndani ya ranchi kuna ziwa linaitwa Lake Diversion. Kandokando yake watu walikuwa wamejenga nyumba zao kwa pesa zao, wengi wazee waliostaafu, lakini ardhi chini ya nyumba ilikuwa ya ranchi. Walikuwa wakilipa kodi ya kiwanja tu. Mwezi wa nane 2016, baada ya mnunuzi mpya kuingia, walipata barua: mwisho wa Januari 2017 muwe mmeondoka. Kisheria mwenye ardhi alikuwa na haki yake. Ila hebu fikiria una miaka 70, umemaliza akiba yako kwenye kuta ambazo huwezi kuzibeba.

Watu wa Majengo na Kisauni kule Mombasa mmeshanifahamu. Nyumba bila ardhi! Nyumba ni yako, umejenga wewe, umezalia humo, lakini kiwanja ni cha mwenyewe, na wewe kila mwezi unampelekea kodi yake. Mwenye shamba akifa, wanawe wakigombana, mmoja akauza kwa mtu wa mbali, unaamka unasikia trekta. Nimekulia katikati ya habari hizo. Sikutarajia kuzikuta Texas, kwa Wamarekani, tena neno kwa neno.

Kwa hiyo leo nina ombi kwa mawakili na makadhi mlioko Pwani. Nielezeni kwa lugha nyepesi niisome kwenye video ijayo: mwenye kiwanja akifariki na warithi wakaenda kortini, huyu mwenye nyumba bila ardhi anaweza kujiunga na kesi asikilizwe kabla ya hukumu, au ni lazima angoje barua? Na akiba yake ya risiti za kodi, za miaka na miaka, zina nguvu gani mbele ya jaji? Mama zangu wengi wamezifunga risiti hizo kwenye mifuko chini ya vitanda, na wanataka kujua.