Miezi 17 ya Kutafuta Jibu la Uti Wangu wa Mgongo: "Si Matibabu Ni Bure Huko?"

Assalaam aleikum ndugu zangu, na habari za nyumbani. Nimeketi kurekodi video hii kwa sababu tangu niseme kwamba nimefanyiwa upasuaji wa shingo, swali linalorudi kwenye maoni ni lile lile: mtu anayeishi England, ambako matibabu ni bure, anawezaje kuburuza mguu miezi 17 bila kujua anaumwa nini? Wapo waliouliza kwa huruma, na ninawashukuru. Wapo pia waliouliza kwa kunisuta, kana kwamba nilikuwa naficha jambo. Najua nikitaja fedha nitaambiwa najigamba, na nikitaja foleni nitaambiwa naitukana nchi inayonilisha. Semeni, sitawazuia, ila nisikilizeni kwanza.

Tuanze na hilo neno bure. Mwezi Machi 2024 niliongeza muda wa visa yangu ya mwenza kwa miezi 30, na mbali na ada ya maombi yenyewe nilitakiwa kulipa ada ya afya ya wahamiaji, ambayo kwa mtu mzima ni paundi 1,035 kwa mwaka. Hesabu yake ilikuwa paundi 2,587 na peni 50, zinazolipwa zote kwa mkupuo kabla maombi hayajaangaliwa, huku kodi na bima ya taifa zikiendelea kukatwa kwenye mshahara wangu wa ghalani kama za mfanyakazi mwingine yeyote. Dawa nilizoandikiwa nazo nilizilipia, paundi 9.90 kwa kila aina. Kwa hiyo kila nilipoingia kwa daktari sikuingia kuomba sadaka, niliingia kudai nilichokwisha kukilipia.

Dalili zenyewe zilianza Novemba 2023, na wala hazikuanzia mgongoni. Zilianzia kwenye nywele za binti yangu. Mnaonifahamu mnajua kwamba mimi ni msusi tangu nikiwa Tanga, na hapa Coventry kusuka ndiko kulikokuwa kunanipa fedha ya pembeni mwisho wa wiki. Siku hiyo vidole vilikataa kukamata nywele nyembamba za mbele. Nilikuwa naziona kwa macho lakini ncha za vidole hazizisikii, na rasta ikawa inaniteleza kama imepakwa mafuta. Nikadhani ni baridi. Baada ya wiki chache, kila nilipoinamisha kichwa kuangalia kichogo cha mtoto, kitu kama shoti ya umeme kilishuka kutoka shingoni hadi kiunoni. Kufika Februari nilikuwa nashuka ngazi nikiwa nimeshika ukuta, kwa sababu miguu ilikuwa mizito na nilihisi kana kwamba nakanyaga sponji.

Hapa ndipo ninapotaka mnielewe, kwa maana ndiyo sababu kubwa ya miezi 17. Kituo cha afya nilichoandikishwa kilikuwa na tangazo mapokezi kwamba kila miadi ni ya dakika 10 na ya tatizo moja tu. Mimi ni mtu wa kufuata utaratibu, basi nikalipasua tatizo langu moja nikalifanya matatu. Ganzi ya vidole niliipeleka peke yake, nikaambiwa kuna mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono, nikapewa kifaa cha kufunga mkono wakati wa kulala. Miguu niliipeleka siku nyingine kwa daktari mwingine, nikaambiwa ni kiuno, kazi ya kubeba maboksi, nikaelekezwa mazoezi ya viungo. Shoti ya shingoni sikuipeleka kabisa, maana kupata miadi kulinitaka nipige simu saa 2 kamili asubuhi, saa ambayo mimi huwa ghalani na simu yangu imefungiwa kabatini. Damu walipima: sukari, tezi la shingo, vitamini B12. Vyote vilikuwa salama, na majibu salama yakigeuka kuwa ushahidi kwamba huumwi, mgonjwa huanza kujitilia shaka mwenyewe.

Nilipumzika wiki mbili mwezi Juni. Siku saba za mwanzo mtu hujiandikia mwenyewe kwamba anaumwa, baada ya hapo anahitaji cheti cha daktari, na malipo ya kisheria ya ugonjwa wakati huo yalikuwa paundi 116.75 kwa wiki, tena siku tatu za mwanzo zilikuwa hazilipwi. Ndipo ndugu yangu mmoja wa damu aliponiandikia kwenye kundi la familia, mbele ya shangazi na wajomba, kwamba nimezua ugonjwa ili nikwepe mchango wa harusi. Kaka, kama unatazama, mchango wako niliutoa, na niliutoa kwenye wiki ya paundi 116. Shangazi yeye alisema nimetupiwa kitu nirudi nikasomewe. Kwake sina kinyongo. Angalau aliamini kwamba naumwa.

Nilipochoka nikachukua fedha zangu za upatu na kujilipia mwenyewe kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili, paundi 340, zaidi ya milioni moja ya shilingi zetu. Kwa kuwa kilichonitisha kilikuwa miguu, na kwa kuwa kila sehemu ya mwili inalipiwa peke yake, nilichagua kiuno. Majibu yalirudi kwamba kiuno hakina tatizo la kueleza hali yangu. Nililia ndani ya basi, kwa maana nilikuwa nimenunua kwa fedha nyingi karatasi ya kuthibitisha maneno ya wanaonidhania mwongo.

Rufaa ya kwa bingwa ilitoka Septemba 2024. Kanuni ya England ni kwamba mgonjwa aanze kutibiwa ndani ya wiki 18 tangu rufaa, na lengo ni wagonjwa 92 katika kila 100, lengo ambalo halijafikiwa tangu 2016. Foleni ningeivumilia. Kilichoniumiza ni barua. Sisi tuna majina matatu, langu, la baba na la babu. Hospitali iliniandika kwa jina la baba, kituo kwa jina la babu, na barua ya miadi ikaenda kwenye chumba nilichokuwa nimeshahama, ingawa anwani mpya nilikuwa nimeitoa mapokezi kwa mdomo wangu. Miadi ikapita bila mimi kujua, nikaandikwa kwamba sikuhudhuria, nikarudishwa mwisho wa foleni. Tangu siku hiyo anwani naibadilisha kwa maandishi, kila ofisi na yake, na nabaki na nakala.

Jibu lilipatikana Aprili 2025 kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, tena kwa sababu safari hiyo nilikuwa nimeandika dalili zote kwenye karatasi moja, kwa tarehe, kuanzia nywele za mtoto. Aliisoma mara mbili. Akaniambia nitembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine, nikayumba. Akakishika kidole changu cha kati, akaufyatua ukucha, na gumba langu likaruka lenyewe. Hakunidanganya, alisema shida inaweza kuwa shingoni, na kwamba kitu kinachobana uti wa fahamu, ile kamba ya fahamu inayopita ndani ya uti wa mgongo, kikiwa shingoni kinaweza kuharibu mikono na miguu kwa pamoja, ilhali shingo yenyewe isiume sana. MRI ya shingo ilionesha diski, ile gegedu laini iliyo kati ya pingili, imesukuma uti huo kati ya pingili ya 5 na ya 6. Nilisoma baadaye kwamba ugonjwa huu wa uti kubanwa shingoni mara nyingi huchukua zaidi ya miaka miwili kutambuliwa, na kwamba wengi huambiwa kwanza ni mshipa wa kifundo cha mkono. Sijui kama hilo lilinifariji au lilinikasirisha.

Mnaouliza kwa nini sikurudi nyumbani, kwa kuwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili inapasua uti wa mgongo: ni kweli inapasua, na sijawahi kusema vinginevyo. Lakini tiketi, upasuaji wa kulipa taslimu, wiki bila mshahara na mtoto wa shule wa kumwacha huku, hesabu hiyo haikutimia kwangu. Kwako huenda ikatimia. Mimi si daktari, na karatasi moja iliyonisaidia mimi huenda isikufae wewe. Ila moja nalisema bila kulipunguza: ukipata ganzi sehemu unayokalia, au mkojo ukakataa kutoka au ukatoka bila wewe kujua, au miguu yote miwili ikalegea kwa ghafla, usisubiri barua wala miadi, nenda hospitali ya dharura siku hiyo hiyo.

Daktari wa upasuaji alinieleza kabla hajanigusa kwamba lengo ni kuzuia hali isizidi kuwa mbaya, na kinachorudi baada ya hapo ni nyongeza. Umeme wa mgongoni umekwisha. Ngazi nashuka bila ukuta. Vidole bado, binti yangu anasukwa na jirani Mkongo, nami namlipa. Miadi ya kuangaliwa tena ni Alhamisi, na barua yake imefika kwenye anwani sahihi, ikiwa na jina la babu.