Skeli ya Vyupoti Inaruka? Anzia Kwenye Kufuli

Karibuni tena. Uliyefungua video hii bila shaka una mchoro wa kuwasilisha, jana uliupanga vizuri kwa 1:50, na leo skeli si ile. Usifute chochote kwanza. Fungua AutoCAD, nenda kwenye leyauti, yaani ukurasa wa kupangia karatasi ya kuchapa, tuende pamoja.

Unachokiona hapa ni vitu viwili. Kuna karatasi, halafu kuna dirisha lililotobolewa kwenye karatasi ili uone modeli, yaani mchoro wenyewe. Dirisha hilo ndiyo vyupoti. Ukiwa nje yake, gurudumu la kipanya linasogeza macho yako tu, karatasi inakaribia au inaenda mbali. Ukiwa ndani, gurudumu hilohilo linabadilisha skeli. Tazama: nabofya mara mbili ndani, fremu imekuwa nene, nazungusha gurudumu kidogo… haya, soma chini kulia. Ile 1:50 imegeuka desimali isiyo na kichwa wala miguu. Hivyo tu ndivyo skeli nyingi zinavyoharibika.

Turekebishe. Ukiwa bado ndani ya vyupoti, andika Z (amri ya zoom), bonyeza Enter, kisha 1/50XP, Enter tena. Mchoro ukikaa pembeni, bonyeza gurudumu bila kulizungusha na uuburute. Kuburuta hakugusi skeli. Hiyo XP usiifupishe. Maana yake ni "ukilinganisha na karatasi". Ukisahau P, programu itaupunguza mwonekano ulionao mara 50, na jengo zima litabaki doa.

Hapa sasa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ile 1/50XP ni sahihi kama umechora kwa milimita. Kama umechora kwa mita, ukuta wa mita 5 kwenye faili yako ni uniti 5, wakati karatasi inahesabu milimita. Ukichagua 1:50 kwenye orodha ya skeli, ukuta huo utatoka wa milimita 0.1! Utadhani vyupoti ni tupu, kumbe mchoro upo. Gawanya 1000 kwa skeli unayoitaka: 1000 kwa 50 ni 20, basi andika 20XP. Kwa 1:100 ni 10XP. Ukichoka kupiga hesabu kila mara, andika SCALELISTEDIT, ongeza skeli yako mwenyewe, uniti za karatasi 1000 na za mchoro 50, uipe jina utakalolikumbuka.

Skeli ikishakaa, funga. Bofya mara mbili nje ya fremu, au andika PS (amri ya kurudi kwenye karatasi) kama fremu imejaa karatasi nzima na nje hakuna pa kubofya. Chagua fremu yenyewe, kisha bofya alama ya kufuli chini. Sasa rudi ndani, zungusha gurudumu upendavyo: karatasi yote inasogea, skeli haitikisiki. Mimi hufunga kabla hata ya kuweka vipimo, na ukinikuta na vyupoti isiyo na kufuli ujue bado naipanga.

Gurudumu likigoma kabisa, haliendi mbele wala nyuma, andika REGEN, programu ichore upya unachokiona, kisha ujaribu tena. Na ukiandika Z kisha E (onyesha kila kilichochorwa) kwenye modeli ukaona mchoro umekuwa nukta kwenye kona, kuna kitu kimetupwa mbali, mara nyingi kijistari kilichosahaulika. Bonyeza Ctrl+A, shika Shift, zungushia mchoro wako ili utoke kwenye uteuzi, halafu chungulia kilichobaki kabla ya kukifuta.

Mistari ya vipande imeonekana kama mistari mizima? Andika PSLTSCALE, mpangilio unaofanya vipande vya mistari vifuate skeli ya vyupoti, uweke 1, kisha REGENALL. Maandishi yamepotea? Linganisha skeli ya maandishi (annotation scale) na skeli ya vyupoti pale chini, lazima zifanane.

Mwisho, kuchapa. Skeli ya vyupoti inaweza kuwa sawa kabisa halafu printa ikaiharibu, kwa sababu dirisha la kuchapa limewekewa tiki ya Fit to paper, mchoro utoshee karatasi. Ondoa tiki hiyo, weka 1:1. Chapa nakala moja, weka rula juu ya ule ukuta wa mita 5. Ukisoma milimita 100, chapa zilizobaki.