Shika Breki ya Mbele

Ndugu zangu, wengi mmeshanisikia nikilisema hili la kushika breki ya mbele ya baiskeli kwenye mteremko, na leo nalirudia. Nenda vilima vya Pugu, kando ya Dar, asubuhi yoyote ya Jumapili utaona: mtu anateremka, gurudumu la nyuma limegoma kuzunguka, linaburuzika na kuchora mfereji hadi chini.

Nazungumzia njia fupi ya baiskeli, yenye ugumu wa kati. Kwa mwongozo wa IMBA, chama cha kimataifa cha baiskeli za milimani, hiyo ni njia yenye alama ya mraba wa buluu: upana wa kama sentimita 60, mwinuko wa wastani usiozidi asilimia 10, na mizizi au mawe yasiyokwepeka yasizidi sentimita 20 kwenda juu. Kijana wa Gongo la Mboto mwenye baiskeli nzima anaiweza. Kinachomshinda ni breki.

Ukishika breki, uzito wako unahamia mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, linakosa pa kushikia. La mbele linakandamizwa chini na kushika zaidi. Kwa hiyo breki inayokusimamisha hasa ni ya mbele. Ukitegemea ya nyuma peke yake utateleza tu.

Najua mtaniambia, "Mwalimu, ya mbele itanirusha." Anayerushwa ni yule aliyekaa kitini, mikono imenyooka kama fimbo, akaikamata ghafla kwa vidole vyote. Simama juu ya pedali, zote ziwe usawa mmoja. Kunja viwiko, rudisha makalio nyuma kidogo. Kidole kimoja au viwili vinatosha, anza taratibu ukiongeza. Punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado wima. Ukiingia kwenye kona, achia.

Na ujue ipi ni ipi! Hapa Dar tunanunua mtumba. Baiskeli ya Japani au Uingereza kwa kawaida ina breki ya mbele mkono wa kulia. Ya Marekani iko kushoto. Umeazima ya rafiki, umezoea yako, unafika kwenye mteremko unakamata isiyo yenyewe. Sukuma baiskeli hatua mbili, bana upande mmoja. Gurudumu la nyuma likinyanyuka, hiyo ndiyo ya mbele. Kama zimekaa kinyume na ulivyozoea, mwambie fundi abadilishe. Breki za waya ni kazi ndogo.

Kuna anayesema mfereji si kitu, ni udongo tu. Ndugu yangu, masika yakianza, maji hayatafuti njia mpya, yanapita pale pale ulipochora. Mwezi wa sita unakuta korongo, watu wanalikwepa pembeni wakikanyaga miche. Ule wa Pugu ni msitu wa hifadhi, ni mabaki ya misitu ya pwani, una mimea isiyoota kwingine. Tukiuharibu, siku tukiambiwa baiskeli basi, tutajitetea kwa lipi?

Naona naonyeshwa saa. Hewa ya tairi: iwe pungufu kuliko ya lami, lakini rimu isigonge mzizi. Macho yatangulie, tazama unakokwenda. Kofia ngumu sijadiliani na mtu. Na njia ikiwa fupi usiidharau, panda tena urudie kona ile ile mpaka uielewe.

Aliyekuja na baiskeli aiingize hapa mbele, tuanze na breki zake.