Ubuyu wa Moto na Deni la Elfu Nane

ZUHURA: Haya, tumerudi. Mimi Zuhura, na huyu hapa kaja leo na shati lenye doa jekundu kifuani. Baraka, umepigwa?

BARAKA: Doa la kazi hilo, dada. Leo nimejiandaa. Nina karatasi hapa, hatua saba za uchunguzi wa kisayansi. Unatazama, unauliza swali, unaweka nadharia tete, unafanya jaribio...

ZUHURA: Subiri. Kabla ya hatua saba, watu wajue kwa nini wifi yangu alinipigia simu Jumatano saa tatu usiku.

BARAKA: Hiyo haimo kwenye karatasi.

ZUHURA: Ndiyo maana naitaja.

BARAKA: (anacheka) Sawa. Wale wa siku zote mnajua Mama Junior anauza barafu za ubuyu pale nyumbani Tabata. Mia mbili mbili. Sasa Jumapili namwona anapanga vifuko kwenye friza bado vina joto. Nikamwambia, mke wangu, unachoma umeme, acha vipoe kwanza. Akanijibu bila hata kugeuka: "Vya moto vinawahi kuganda." Nani kakwambia? Akasema jirani, yule wa dirisha la nyuma.

ZUHURA: Kwa hiyo ni ubuyu kuhusu ubuyu.

BARAKA: Ubuyu kuhusu ubuyu! Mtu wa kawaida angeishia hapo, angeamini au angebisha. Mimi nikasema hapana, tupime. Jumatatu usiku nikatia kifuko kimoja cha moto na kimoja cha baridi. Jumanne tena. Jumatano tena. Mara zote tatu cha moto kimetangulia. Hatua ya kwanza mpaka ya sita, nimemaliza.

ZUHURA: Ya saba ni ipi?

BARAKA: Kuwatangazia wenzako matokeo. Ndiyo ninayoifanya sasa hivi.

ZUHURA: Na barafu arobaini zilizoyeyuka ziko hatua ya ngapi?

BARAKA: Dada Zuhura.

ZUHURA: Arobaini kwa mia mbili ni elfu nane. Wifi alinisomea hesabu kwenye simu taratibu kama karani wa mahakama. Eti ulikuwa unafungua friza kila baada ya dakika kumi ili ubonyeze vifuko. Kisha umeme ukakatika, na mfuniko ulikuwa haujakaa sawa.

BARAKA: Ukitaka data lazima ufungue.

ZUHURA: Ulibonyeza kwa kutumia nini?

BARAKA: Kidole gumba.

ZUHURA: Kidole gumba! Na uliyekuwa unabonyeza ulikuwa unajua kipi ni cha moto?

BARAKA: Si mimi ndiye niliyevitia?

ZUHURA: Basi hapo jaribio limeshapata ugonjwa. Kidole chako kinajua kinachotafuta. Ungemwambia wifi afunge uzi wa rangi kwenye vifuko, akufiche maana ya rangi, wewe ubonyeze kipofu. Halafu hebu niambie, cha moto kilikuwa na moto kiasi gani?

BARAKA: Moto wa kawaida. Kifuko kisiyeyuke. Moto wa... wa kuoga.

ZUHURA: Moto wa kuoga. Mnamsikia?

BARAKA: Sina kipimajoto nyumbani! Nani ana kipimajoto Tabata? Tena mimi sikuanza bila msingi. Nilikuwa namkumbuka Erasto Mpemba. Huyu ni wetu, na dunia nzima inamjua kwa swali hilihili. Mwaka 1963, yuko kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Sasa nafasi kwenye friji inagombaniwa. Mwenzake mmoja kaamua asichemshe kabisa, kakoroga kaweka. Mpemba kaona nafasi inakwisha, akaweka yake ya motomoto. Saa moja na nusu baadaye yake imeganda, ya mwenzake bado uji mzito.

ZUHURA: Na mwalimu akamwambia kachanganyikiwa.

BARAKA: Akamwambia kachanganyikiwa. Lakini ninachokipenda mimi ni kwamba alipofika Tanga mjini akamkuta jamaa anayeuza aiskrimu, naye akamwambia anaanza na ya moto kwa sababu inawahi. Mwuza barafu alikuwa anajua! Mama Junior na yule jirani wa dirisha la nyuma wako kwenye ukoo huo.

ZUHURA: Mwuza barafu alikuwa anasema. Kujua ni jambo jingine.

BARAKA: Kaenda shule ya Mkwawa, Iringa, kauliza tena, darasani wakawa wanamcheka, hiyo ni fizikia ya Mpemba. Akikosea hesabu, hiyo hesabu ya Mpemba. Mpaka akaja Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka hapa Mlimani, wakati huo ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kijana akasimama mbele ya watu: ukichukua vyombo viwili sawa, maji kiasi kilekile, moja nyuzi 35, jingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, kile cha 100 kinatangulia kuganda. Kwa nini?

ZUHURA: Umesikia ulichosema?

BARAKA: Nini?

ZUHURA: Ya baridi ya Mpemba ilikuwa nyuzi 35. Wewe maji yako ya kuoga ni ngapi? 40? Kaka, ubuyu wako wa moto ndio ubuyu wa baridi wa Mpemba. Umeshindanisha baridi na baridi.

BARAKA: (kimya kidogo) ...Hiyo inauma.

ZUHURA: Vilikaa wapi kwenye friza?

BARAKA: Cha moto chini, kimegusa ukuta. Cha baridi juu, kwa sababu chini kulikuwa kumejaa bidhaa za mwenye nyumba.

ZUHURA: Chini, kimegusa ukuta wenye barafu. Na cha baridi kimelalia vifuko vingine. Na ubuyu ni wa sufuria moja?

BARAKA: Karibu.

ZUHURA: Karibu!

BARAKA: Cha baridi kilitoka kwenye ndoo ya jana. Junior alikuwa amesema haina utamu, nikaongeza sukari.

ZUHURA: Sukari inachelewesha kuganda! Maji yenye sukari yanahitaji kushuka chini ya sifuri zaidi ndipo yashike. Sasa ukiniambia cha moto kimewahi, mimi nashika kipi? Ukuta? Sukari? Kidole gumba? Umebadilisha mambo manne kwa mpigo halafu unamsifu mmoja. Na Jumatano umeme ulikatika, hiyo siihesabu. Zimebaki mbili. Kama joto halina maana yoyote, cha moto bado kina nafasi nusu kwa nusu ya kutangulia. Mara mbili mfululizo ni moja katika nne. Rusha shilingi mara mbili, utaona inavyoweza kulala upande ulioutaja mara zote mbili bila kuwa na elimu yoyote.

BARAKA: Jumatano kabla umeme haujakatika cha moto kilikuwa kimeshaanza kushika.

ZUHURA: Kwa ushahidi wa kidole.

BARAKA: Haya, wasikilizaji, jaribio langu lina matatizo. Nimekubali. Tuendelee hatua ya tatu, nadharia tete. Tete maana yake...

ZUHURA: Kama hali ya friza yako.

BARAKA: ...maana yake bado haijakomaa, inaweza kuvunjika. Mpemba na Osborne wakapima, wakaandika pamoja, ikachapishwa mwaka 1969. Kijana aliyesoma Lushoto. Na jamaa hakwenda kuwa profesa, alikuja kufanya kazi ya wanyamapori. Mimi kila nikilitaja jina hilo kifua kinapanda.

ZUHURA: Hapo ndipo nina neno. Tunapenda sana kusema "Mtanzania aligundua maji ya moto yanawahi kuganda" kama jambo lililokwisha. Halijaisha. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watu wa Uingereza, walipima kwa uangalifu wakasema hawaoni ushahidi kwamba ya moto yanapoa haraka kuliko ya baridi. Wakaonyesha kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kwenye chombo, unaweza kujitengenezea matokeo ya Mpemba.

BARAKA: Na wao walipima kufika nyuzi sifuri! Si kuganda. Mpemba alizungumzia kuganda. Kati ya kufika sifuri na kuwa barafu kuna safari. Maji yanaweza kushuka chini ya sifuri yakabaki maji. Pale ndipo mambo yanapotokea. Na kuna sababu zinazoeleweka: ya moto yanapoteza mvuke, yanabaki machache. Chombo cha moto kinayeyusha utando wa barafu chini yake, kinakaa vizuri kwenye ubaridi.

ZUHURA: Sababu zote hizo za jambo ambalo halijathibitika.

BARAKA: Na mwaka 2020, Kanada, wameliona. Limechapishwa kwenye jarida la sayansi la Nature.

ZUHURA: Kwenye kipunje kimoja kidogo kuliko vumbi, kinasukumwa kwa mwanga ndani ya maji. Kazi nzuri sana. Haiuzwi mia mbili.

BARAKA: Lakini ni athari ya Mpemba. Jina lake liko pale.

ZUHURA: Kaka, sikiliza. Yakitangulia ya moto unasema, mnaona, Mpemba. Yakitangulia ya baridi unasema mazingira hayakutimia. Sasa niambie leo, kabla ya jaribio, matokeo gani yatakufanya useme basi, si kweli? Karl Popper, mwanafalsafa wa sayansi, aliligandia hilo maisha yake yote: kauli isiyoweza kushindwa haijasema kitu. Huo ni ubuyu.

BARAKA: Na ukiacha kila kitu siku ya kwanza kinaposhindwa hutafika popote. Sayari ya Uranus ilikuwa haifuati hesabu za uvutano za Newton. Kwa kipimo chako, Newton kashindwa, tupa. Wao hawakutupa. Urbain Le Verrier, Mfaransa, akasema huenda kuna sayari nyingine inaivuta, akapiga hesabu iko wapi. Mwaka 1846 wakageuza darubini wakaikuta Neptune. Kwa sababu mtu aling'ang'ania.

ZUHURA: Mtu huyohuyo! Le Verrier huyohuyo mwaka 1859 akaona sayari ya Utaridi nayo inakwenda kombo. Akatumia dawa ileile: kuna sayari nyingine karibu na jua. Wakaipa na jina, Vulcan. Watu wakaitafuta miaka na miaka. Haikuwepo. Mwaka 1915 Einstein akaonyesha kwamba safari hii ni Newton mwenyewe ndiye aliyepungua. Wewe unanipa Neptune, mimi nakupa Vulcan.

BARAKA: Na nani alijua mapema ipi ni ipi?

ZUHURA: Hakuna. Ndiyo maana useme "sijui", usiseme "Mtanzania aligundua".

BARAKA: Siwezi kusema hivyo. Mtoto aliona kitu kwa macho yake, akauliza, akachekwa, akauliza tena. Kama hilo si kugundua, basi neno halina kazi.

ZUHURA: Aligundua swali.

BARAKA: Aligundua jambo.

ZUHURA: Swali.

BARAKA: Unajua kwenye hiyohiyo makala yao kuna yule fundi wa maabara hapa Mlimani? Osborne alimpa kazi apime. Fundi akarudi na taarifa: ya moto imetangulia kweli, lakini tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu sahihi. (anacheka) Wewe ndiye yule fundi.

ZUHURA: Mimi? Anayerudia mpaka apate anachokitaka ni wewe na kidole chako!

BARAKA: Fundi alikuwa hataki kuamini alichokiona.

ZUHURA: Na wewe hutaki kutokuamini. Simu yako inaita.

BARAKA: Ni Mama Junior. Nisipopokea itakuwa mbaya. Hallo? ... Tuko hewani. ... Ndiyo, niko naye. ... Anakusalimia.

ZUHURA: Wifi, shikamoo ya heshima kutoka maabara!

BARAKA: Anasema nimpitishie vifuko paketi mbili na ubuyu kilo moja kabla duka halijafungwa. ... Nyekundu? ... Sawa, nyekundu. ... Hapana, sitagusa. Nimesema sitagusa.

ZUHURA: Muulize, yeye akiweka, ya moto inawahi?

BARAKA: Zuhura anauliza... Anasema yeye anatia ya moto kwa sababu hana muda wa kusubiri ipoe. Hajawahi kuangalia ipi inatangulia. Asubuhi zote zinakuwa zimeganda.

ZUHURA: (anacheka sana)

BARAKA: Kakata.

ZUHURA: Jamani, na mwenye chumba ananionyesha saa kupitia kioo. Tumefika hatua ya ngapi?

BARAKA: Ya tatu. Nusu ya tatu. Kulikuwa na kulinganisha, kulikuwa na wenzako kukagua kazi yako kabla haijachapishwa, nilikuwa na mfano mzuri sana wa daladala za Kimara.

ZUHURA: Weka. Ijayo tuna mgeni, haitaingia. Waliotutumia maswali kuhusu hatua ya tano, mtusamehe.

BARAKA: Aligundua jambo, Zuhura.

ZUHURA: Zima hiyo mashine. Na elfu nane?

BARAKA: Nimelipa tano.

ZUHURA: Wifi kaniambia mbili.