Trela ya Kulala, Mke na Mume Barabarani: Anzeni na Uzito

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena. Leo tunaongelea trela ya kulala, ile nyumba ndogo yenye kitanda, jiko na choo inayofungwa nyuma ya gari. Huku Marekani, kiangazi kikifika, mke na mume wengi huikodi wakaenda kutembea mbugani. Tuchukue njia ya Wyoming na Montana: Grand Teton, Yellowstone, kisha Glacier. Sikilizeni vizuri habari ya uzito, maana safari hii hunyooka au huharibika wakati wa kupakia, gari likiwa bado limezimwa.

Mwenye kukodisha atakwambia gari lako linavuta kilo 3,000, trela ina kilo 2,000, kwa hiyo huna shida. Usiridhike. Fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko kinachosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Namba hiyo ndiyo huisha mapema. Tuseme imeandikwa kilo 550. Nyinyi wawili mna kilo 150. Boksi la barafu, jenereta ndogo na mabegi, kilo 120. Vyuma vya kuvutia trela, 40. Pua ya trela, yaani chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari, nayo inalikalia gari, na inatakiwa iwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela iliyopakiwa, yaani hapa kilo 200 hadi 300. Pua ikiwa 250, jumla ni 560. Mmeshapita kiwango, na trela yenyewe haijakaribia hata zile 3,000.

Basi mtu akisikia hivyo anahamishia mizigo nyuma ya trela ili pua iwe nyepesi. Jamani, msifanye hivyo! Pua nyepesi na mkia mzito ndiyo sababu kubwa ya trela kuyumba, na ikianza kuyumba kwa kasi inaweza kulipindua gari pia. Vitu vizito vikae chini sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Baiskeli msizitundike kwenye bampa la nyuma. Maji nayo ni mzigo: tangi la lita 150 ni kilo 150, kwa hiyo beba ya kunywa na ya choo tu, mengine jaza kambini. Kupima si kazi. Nenda kwenye mizani ya malori katika vituo vyao vya mafuta, pima gari peke yake, kisha pima ekseli za gari trela ikiwa imefungwa. Tofauti ya hizo mbili ndiyo uzito wa pua.

Tukija kwenye kufunga. Ukishaishusha pua juu ya mpira wa chuma ulio nyuma ya gari na kubana kufuli lake, chomeka pini, halafu pandisha jeki ya pua kidogo. Kama nyuma ya gari inainuka pamoja nayo, imeshika. Ikiachana, ilikuwa imekaa juu tu, na ingechomoka kwenye shimo la kwanza. Cheni mbili zipishane chini ya pua, ili pua ikianguka idakwe isichimbe lami. Kuna pia kamba nyembamba ya waya: trela ikikatika, kamba hiyo huchomoa pini na breki za trela hujifunga zenyewe. Ifunge kwenye chuma cha gari, sehemu yake peke yake, wala usiitundike kwenye cheni. Mmoja afunge, mwenzake akague kila kitu upya tangu mwanzo. Taa hivyo hivyo: mmoja akanyage breki, mwingine asimame nyuma aangalie.

Tairi za trela zikague asubuhi kabla jua halijazipiga, na upepo ufuate kibandiko cha trela. Tairi yenye upepo mdogo hupata moto, kiangazi lami nayo inachoma, ikipasuka inararua sakafu na mabomba ya chini. Usidanganywe na kashata zinazong'aa. Tafuta herufi DOT ubavuni: tarakimu nne za mwisho zikiwa 2321, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Mpira huzeeka hata ukisimama uani. Na kama tairi limefunguliwa karibuni, kaza nati tena baada ya kilomita 80 hivi.

Barabarani, tairi nyingi za trela zimetengenezwa kwa mwendo usiozidi kilomita 105 kwa saa, na California sheria yenyewe ni 88 kwa anayevuta trela. Wyoming kuna upepo mkali sana, mpaka barabara kuu ya I-80 hufungiwa magari mepesi yaliyo marefu kwenda juu. Siku hiyo laleni hapo hapo mlipo. Trela ikiyumba usikanyage breki ya gari, wala usiongeze mafuta. Shika usukani ukiwa umenyooka, ondoa mguu taratibu, na kwa mkono bonyeza kile kidude cha breki za trela peke yake. Trela ikivutwa nyuma inajinyoosha.

Teton Pass, kati ya Jackson na Idaho, ina mteremko wa asilimia 10. Zunguka kupitia Alpine. Ni mbali zaidi lakini breki zitapona. Kule Glacier, barabara ya Going-to-the-Sun hairuhusu gari lenye urefu unaozidi mita 6.4, trela ikihesabiwa, katika sehemu yake ya mlimani. Acheni trela kambini.

Kambi wekeni nafasi mapema, miezi kadhaa kabla. Ndani ya Yellowstone ni Fishing Bridge pekee yenye umeme, maji na bomba la maji taka kwa kila trela, na hema haziruhusiwi kwa sababu ya dubu. Kwingine mnategemea betri. Huko juu, zaidi ya mita 2,300, usiku wa Julai una baridi kali. Kipasha joto hutumia gesi, lakini feni yake inakula betri, ndiyo maana watu huamka saa kumi alfajiri wakitetemeka na mtungi umejaa.

Kurudisha trela nyuma, shika usukani chini kabisa: mkono ukienda kushoto, trela inaenda kushoto. Anayeelekeza aseme "upande wa dereva" au "upande wa abiria". Dereva asipomwona kwenye kioo, asimame. Sawazisha trela kushoto na kulia kabla ya kuitenganisha na gari, mbele na nyuma baadaye kwa jeki.

Siku ya kuondoka, vaeni glavu, mwage kwanza tangi la choo, kisha la maji ya sinki, ili sabuni isafishe bomba. Valvu ya choo ikae imefungwa siku zote mpaka tangi lifike theluthi mbili. Ukiiacha wazi, maji hutangulia, kinyesi na karatasi hubaki vikikauka chini kama rundo la saruji, na hapo ni kulowesha kwa maji mengi siku nzima au kumlipa fundi.